Usafi Unaotia Umaskini

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliamuru wanachuo wafagie majani yote chini ya miti na kuyachoma. Aliyetegea nilimwadhibu. Niliuita usafi. Leo nakiri kwamba ulikuwa ujinga.

Msituni nani hutia mbolea? Jani likianguka, jongoo na mchwa hulitafuna. Kuvu na bakteria huliozesha, na virutubisho vyake vikarudi mizizini. Moto hupoteza hewani sehemu kubwa ya naitrojeni, na majivu husombwa na mvua.

Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walidanganyika Usambara Mashariki. Waliona miti mikubwa, wakadhani udongo ni tajiri. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Haikustawi kwa muda mrefu, kwani udongo wenyewe ni mchachu na hafifu. Utajiri ulikuwa katika miti na majani yaozayo juu ya ardhi.

Mtasema majani huficha nyoka. Basi fagieni njia na milangoni. Ya chini ya miti yaacheni. Mwalimu anayefundisha rutuba asubuhi na kuichoma jioni, anafundisha nini?