TEMBO HASHINDWI NA MKONGA WAKE? INATEGEMEA NI TEMBO GANI

Wafanyabiashara wenzangu, hii methali iliniponza.

Duka langu la vyakula lilikuwa na mtaji wa laki tano. Jamaa wa mikopo akaja na milioni mbili. Nikasita. Akacheka: "Mdogo wangu, tembo hashindwi na mkonga wake." Nikajiona tembo kweli, nikasaini.

Mzigo ukajaa mpaka mlangoni, ila wateja wakabaki wale wale. Marejesho kila wiki. Mwezi wa tatu nikawa nalipia deni kwa hela ya kununulia unga. Mwisho nikauza friji.

Methali siyo ya uongo, ila inamsema tembo mkubwa. Ndama wa tembo akizaliwa, mkonga unaning'inia tu, hajui aufanyie nini. Wakati mwingine anaukanyaga mwenyewe. Maji anakunywa kwa mdomo, na inachukua miezi mingi mpaka auzoee. Kwa hiyo tembo naye alianza kwa kushindwa na mkonga wake. Ila huo wa kwake unakua pamoja naye. Mkopo wangu ulikuja mkubwa siku ya kwanza.

Ushauri wangu: kabla hujasaini, fungua daftari. Faida ya wiki, toa kodi ya fremu, umeme na chakula cha nyumbani. Kilichobaki kikizidi rejesho, chukua. Kisipozidi, wewe bado ndama, kunywa kwa mdomo kwanza. Siyo aibu.

Na anayekuhimiza kwa methali, muulize: nikishindwa, tutalipa wote?