Denver: Kwa nini watengeneza magemu huwafungulia siri washindani wao

Kongamano la kimataifa la picha za kompyuta, SIGGRAPH, lilimalizika Agosti 1, 2024 mjini Denver, Marekani, baada ya siku tano. Habari iliyosambaa zaidi ni ya Jumatatu, Julai 29. Siku hiyo bosi wa NVIDIA, Jensen Huang, aliketi jukwaani na bosi wa Meta, Mark Zuckerberg, wakazungumzia akili mnemba, kisha wakabadilishana makoti. Picha ya makoti imezunguka dunia. Sisi tunataka kuwapeleka kwenye vyumba vingine vya jengo lile, wanakokaa mafundi wa magemu kama haya mnayocheza kwenye simu.

Kuna swali ambalo halikosi kwenye ujumbe mnaotutumia: kwa nini gemu lilelile linaganda kwenye simu yangu, na kwenye simu ya jirani linateleza tu? Jibu lake ndilo linalowapandisha ndege watu hawa.

Katika filamu ya katuni ya kompyuta, picha 24 hupita kila sekunde, na picha moja tu kati ya hizo inaweza kuchukua saa kadhaa kuchorwa na kompyuta. Si tatizo, mtazamaji ataiona mwakani. Gemu halina nafasi hiyo. Ukigusa kioo, picha mpya itokee hapohapo. Ugawe sekunde moja vipande elfu: gemu linalotoa picha 60 kwa sekunde lina vipande kama 16 tu vya kumaliza kila picha, pamoja na vivuli, nywele, maji na moshi. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo. Chipu ya simu ikizidiwa, picha inachelewa, nawe unaona gemu limeganda. Simu ikichemka mambo yanazidi kuharibika, kwa sababu inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Kwa hiyo kazi ya mtengeneza gemu ni kulidanganya jicho kwa gharama ndogo, na SIGGRAPH ndiko wadanganyifu hao wanakopeana mbinu. Kongamano la kwanza lilifanyika 1974 mjini Boulder, chini ya mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Denver. Mwanzoni lilikuwa la watafiti. Watu wa filamu wakaingia, na baadaye wa magemu. Tangu 2006 kuna somo maalumu kuhusu uchoraji wa papo hapo kwenye magemu, lililoanzishwa na Natalya Tatarchuk. Wahandisi wa kampuni zinazogombea wateja walewale husimama mmoja baada ya mwingine na kusema wazi: tulijaribu hivi, ikashindikana, tukafanya vile. Slaidi zao huwekwa mtandaoni bure.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2012 Brent Burley wa Disney alieleza kwenye kongamano hili njia ya kuelezea uso wa kitu chochote kwa namba chache: ni cha chuma au si cha chuma, ni laini au kina mkwaruzo, kinang'aa kiasi gani. Walikuwa wameitumia kwenye filamu ya Wreck-It Ralph, ambayo wahusika wake, kwa kuchekesha, ni watu wa ndani ya magemu. Mwaka uliofuata Brian Karis wa Epic Games akasimama palepale kueleza walivyoirahisisha hadi ikaweza kutumika kwenye gemu. Kufikia 2017 njia hiyo ilikuwa imeingia kwenye Blender, programu ya kuchora na kuchezesha picha ambayo haiuzwi. Kwa hiyo kijana wa Songea mwenye kompyuta anaweza leo kukipa chungu mng'ao wa udongo uliofinyangwa kwa mbinu iliyotoka kwenye studio ya Disney, bila kulipa senti.

Tusidhani ni ukarimu mtupu. Kampuni haigawi gemu lenyewe. Inagawa mbinu, na kwa kufanya hivyo inawaambia mafundi hodari waliojaa ukumbini kwamba kwetu ndiko kwenye kazi nzuri, njooni. Miaka mingi mtu wa magemu alikwenda SIGGRAPH akijua kwamba huenda akarudi na mwajiri mpya.

Mwaka 2024 hesabu hiyo iliyumba. Januari, Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 upande wa magemu. Unity, ambayo programu yake ndiyo imetengenezea magemu mengi sana ya simu, ilitangaza kupunguza takriban 1,800, robo ya wafanyakazi wake wote. Februari ikafuata Sony na watu wapatao 900 wa PlayStation.

Kisha Julai 26, siku mbili kabla ya milango ya Denver kufunguliwa, chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kiliingia kwenye mgomo dhidi ya kampuni kubwa za magemu. Waliogoma ni wenye sauti mnazozisikia, na wenye miili pia. Maana yule askari anayekimbia na kuanguka kwenye gemu mara nyingi ni mtu halisi aliyevaa nguo yenye alama, akakimbia na kuanguka kweli huku kamera zikinakili mwendo wake. Walichodai ni kwamba sauti na mwendo wao usilishwe kwenye akili mnemba bila idhini yao na bila malipo.

Hapo ndipo, kwa maoni yetu, penye habari kubwa kuliko makoti. Kampuni ya Huang ilikuzwa kwa miaka mingi na fedha za wacheza magemu waliotaka picha nzuri zaidi. Chipu za ukoo huohuo ndizo zinazoendesha akili mnemba sasa. Fundi aliyekwenda Denver kujifunza mbinu mpya ameketi akisikiliza habari za mashine ambayo huenda ikafanya sehemu ya kazi yake. Tena mashine hiyo imejifunza kutokana na kazi za watu kama yeye.

Na kwa kijana wa hapa anayetamani kwenda? Mwaka 2024 ombi la viza ya Marekani peke yake lilikuwa dola 185, karibu shilingi laki tano, na hazikurudishwa kwa aliyenyimwa. Nauli, malazi na kiingilio bado. Wanafunzi wana njia moja: kongamano huchukua wanafunzi wa kujitolea, wanaofanya kazi kwa saa kadhaa na kuingia bila kulipa kiingilio. Desemba 2024 kulikuwa na kongamano dada la Asia mjini Tokyo, na Agosti 2025 hili lenyewe lilifanyika Vancouver, Kanada.

Asiyeweza kusafiri aanze na slaidi, ingawa zote ni za Kiingereza na hesabu zake si za kubahatisha. Toleo la Blender 4.2 lilitoka Julai 16, 2024. Linahitaji kompyuta, kwenye simu halifanyi kazi. Faili lake linazidi megabaiti 300, hivyo ni afadhali kulipakua usiku, kwa bando la usiku.