Lambo la Mtu Mmoja, Hatari ya Wengi

Wako wenye mashamba wasemao: "Lambo ni langu, nimelichimba kwa fedha yangu." Sisi tunawajibu: tuta ni lako, lakini maji yakilipasua hayataulizia mpaka wa shamba.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika majira ya mvua kubwa, lilipasuka tuta la udongo la bwawa la shamba binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, nchini Kenya. Watu wasiopungua 47 walipoteza maisha, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Baada ya maafa hayo ndipo mabwawa mengine ya eneo lile yalipokaguliwa. Ukaguzi unaofuata majeneza unafanana na tabibu anayewasili mazikoni.

Tusidanganywe na neno "dogo". Kuna mambo mawili yapasayo kupimwa, nayo ni tofauti. La kwanza ni uzima wa tuta: je, maji yanavuja yakiwa na tope? Miti imeota juu yake? Wanyama wamelitoboa? Njia ya kutolea maji ya ziada imeziba? La pili ni daraja la hatari: tuta likivunjika, nani atakufa na nini kitaharibika? Tuta lililo imara laweza kuwa na daraja la juu kabisa la hatari iwapo chini yake ipo shule.

Wapo watakaosema kwamba chini ya lambo lao ni pori tupu. Lakini pori halidumu kuwa pori, na sisi wa Benaco twalijua hilo kuliko wengine. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo, na mahali palipokuwa na watu wachache pakageuka mji. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996, lakini fundisho limebaki: daraja lililoandikwa jana laweza kuwa uongo leo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa. Hata hivyo, sheria iliyofungiwa kabatini haizuii mafuriko. Kwa hiyo tunadai kila lambo lipewe daraja lake. Daraja hilo lisomwe hadharani katika mkutano wa kijiji kilicho bondeni. Lipimwe upya kila makazi yanapoongezeka. Na gharama ya ukaguzi imwangukie mwenye lambo, wala si maskini aishiye chini yake.

Hatuyapingi malambo, kwa maana mifugo na bustani huyahitaji wakati wa kiangazi. Tunapinga faida ya mmoja kuwekewa rehani uhai wa majirani ambao hawakuambiwa lolote. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaka aliyechimba shimo na kuliacha wazi amlipe mwenye ng'ombe aliyetumbukia humo. Ikiwa ng'ombe alilipiwa, mtoto wa jirani atalipiwa kwa kitu gani?