AFYA NYUMBANI: Pumzi ya Mashine na Njia ya Damu

Liko neno linalosikika vijijini mtu anapofia hospitalini: "Alipotiwa kwenye mashine ya pumzi, ndipo alipokwisha." Neno hili tusilicheke. Mashine hiyo hupewa wagonjwa walio hoi, na wengine hufa ingawa wamesaidiwa. Lakini neno hili likikaa moyoni mwa mzazi, laweza kumfanya amkatalie mtoto wake msaada. Basi leo tuitazame kazi ya mashine hiyo, hasa jinsi inavyoigusa damu ipitayo mapafuni.

Weka mkono kifuani, uvute pumzi. Kifua kinapanuka, na hewa inaingia kwa kuvutwa. Kuvuta huko huisaidia pia damu kurudi moyoni. Mashine hufanya kinyume: huisukuma hewa iingie.

Ndani ya mapafu mna vifuko vya hewa vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Kila kimoja kimezungukwa na vijishipa vyembamba kuliko unywele, na humo ndimo damu inamochukua hewa safi. Upande wa kushoto wa moyo huipeleka damu mwili mzima kwa nguvu nyingi. Upande wa kulia huipeleka mapafuni tu, kwa nguvu ndogo, yapata sehemu moja ya sita ya ile nyingine.

Ninyi wakulima wa Mgeta mnaijua mifereji inayoshuka mlimani hadi kwenye matuta ya mboga. Maji yanayokwenda polepole huzuiwa na bonge moja la udongo. Damu ya mapafuni ni vivyo hivyo. Hewa ikisukumwa kupita kiasi, vifuko huvimba na kuvibana vijishipa. Moyo upande wa kulia hutaabika kupitisha damu. Tena ile damu inayorudi kutoka mwilini hupungua, na presha ya mgonjwa hushuka. Jambo hili si geni kwa waganga. Mwaka 1948 daktari André Cournand na wenzake wa New York walieleza kwamba kusukuma hewa kifuani kwaweza kupunguza damu itokayo moyoni, na kwamba mgonjwa lazima apewe nafasi ya kutosha ya kutoa pumzi.

Je, heri basi hewa isukumwe kidogo kabisa? La. Vifuko visivyo na hewa hunywea, na mwili huibana mishipa ya mahali hapo ili damu isipite bure. Njia ya damu huwa nyembamba tena. Kwa hiyo nguvu ikizidi ni hatari, ikipungua ni hatari. Kazi ya daktari na mwuguzi ni kutafuta kiasi cha katikati.

Jambo hili linaonekana wazi kwa mtoto mchanga. Tumboni mwa mama, mapafu yake yamejaa maji, mishipa yake imebana, na damu nyingi hupita kando. Pumzi ya kwanza ikiingia, mishipa hufunguka na damu humiminika mapafuni. Basi mkunga anapompulizia hewa kwa mfuko wa mkono mtoto asiyelia, anayafungua mapafu na njia ya damu pamoja. Katika hospitali 8 za Tanzania wakunga walifundishwa kazi hiyo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kazi hiyo yatakiwa ianze ndani ya dakika moja.

Kwa watoto njiti kuna chombo kingine, chepesi kuliko mashine kubwa. Mtoto hupumua mwenyewe, ila hewa inayopitia puani huvishikilia vifuko visinywee. Mwisho wa mpira umezamishwa katika chupa ya maji, na maji hutoa mapovu. Maji hayo ndiyo kipimo. Mpira ukizama sentimita 5, nguvu ya hewa ni sentimita 5 za maji. Ukizama zaidi, nguvu inapanda.

Sasa shikeni haya machache.

Kwanza, mama wa Kinole, Matombo au Mgeta, usingoje uchungu ukukamate ndipo uanze kushuka mlima. Njia ina utelezi wakati wa masika, na dakika ile moja haingoji gari. Kajifungulie penye mkunga mwenye mfuko wa hewa.

Pili, mtoto akizaliwa njiani naye halii, mkausheni upesi, mfunikeni apate joto, msugueni mgongo, huku mkikimbilia msaada. Msimpige, msimning'inize kichwa chini, msimmwagie maji baridi.

Tatu, mtoto akiwa kwenye chupa ya mapovu, usiuguse mpira wala chupa. Kuuzamisha mpira ili apate hewa nyingi ni kumwongezea nguvu asiyoihitaji. Mapovu yakikoma, mwite mwuguzi mara moja, maana huenda hewa inavuja mahali.

Nne, mkimpeleka mtu mzima hospitali ya Morogoro hali pumzi yake inakatika, msifiche habari zake. Semeni kama ametapika sana, ameharisha, ametoka damu nyingi, au ana ugonjwa wa moyo. Mtu aliyepungukiwa na maji au damu presha yake huanguka upesi mashine inapoanza kusukuma hewa. Daktari akijua mapema atamwongezea maji au damu, au atampa dawa ya kuinua presha.

Mwisho, ulizeni. Ni haki ya ndugu kumwuliza daktari: "Presha yake ikoje? Je, anapata mkojo?" Mkojo ukipita vizuri, ni dalili mojawapo kwamba damu inafika mwilini.

Mzee wa ukoo akisema mpira uondolewe kwa sababu ya hofu, mketi naye na kumweleza habari hizi. Kisha mwende pamoja kwa daktari kabla ya kukata shauri.