Kengele Bila Maji

Shangazi yangu aliuza kanga na vitenge katika soko la mji wetu kwa miaka 22. Usiku mmoja soko lile likashika moto. Gari la zimamoto lilifika upesi, kengele ikilia, na watu wakalipigia makofi. Vijana wakaruka chini, wakakunjua mpira, wakaanza kumwagia maji paa la kibanda cha kwanza. Haukupita muda mpira ukalegea. Maji yamekwisha. Gari likageuka kwenda kutafuta maji mengine, na liliporudi, meza ya shangazi ilikuwa majivu. Wale waliopiga makofi sasa walikuwa wanaokota mawe.

Shangazi hakuokota jiwe. Aliniambia, "Baba, wale watoto wana kosa gani? Wametumwa vitani na bunduki isiyo na risasi."

Ndugu msomaji, maneno hayo hayajaniondoka moyoni, na ndiyo yanayonifanya niandike kwa ukali kidogo. Hebu tufanye hesabu ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Chukua gari lenye lita 5,000 za maji. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, maji hayo ni ya dakika 10. Ukifungua mipira miwili, ni dakika 5. Ni soko gani litakalozimika kwa dakika 5? Maji ya ndani ya gari ni ya kuanzia kazi tu, wakati askari wanaunganisha mpira na bomba la zimamoto lililo kando ya barabara, lenye maji na msukumo wa kutosha. Pasipo na bomba hilo, gari la zimamoto ni ndoo kubwa yenye magurudumu.

Lakini kila baada ya moto, wakubwa wetu hutoa jibu lilelile: tutanunua gari jingine. Nalo hununuliwa, likakatiwa utepe na kupigwa picha. Najua sababu. Bomba likishafukiwa chini ya ardhi halina sura ya kupigwa picha.

Wala si sisi wa kwanza kukosea hivi. Nimesoma habari za mji wa Melbourne huko Australia, ulioanzishwa mwaka 1835 katika ardhi ya watu wa Wurundjeri, na ambao, kama miji yetu mingi, ulikua chini ya bendera ya Waingereza. Simsifu mkoloni, ardhi ile haikuwa yake. Ila makosa ya mji ule yanafanana mno na yetu, na mwenye busara hujifunza hata kwa mtu asiyempenda.

Hapo mwanzo maji ya Melbourne yalichotwa mto Yarra na kuuzwa kwa mapipa yaliyobebwa na mikokoteni. Mwaka 1851 dhahabu ikapatikana na watu wakafurika. Ndipo serikali ya koloni ilipokubali kutoa fedha. Mwaka 1853 ulianza ujenzi wa bwawa la Yan Yean, mahali palipo juu kuliko mji, ili maji yateremke kwa uzito wake yenyewe mpaka mabombani. Mwisho wa mwaka 1857 yakafika.

Je, maji peke yake yalitosha? Hayakutosha. Mji ulikuwa na vikosi vingi vidogo, vingine vya watu wa kujitolea, vingine vya makampuni ya bima, na mara nyingi vilishindana pale palipohitaji kusaidiana. Mwaka 1890 ikatungwa sheria, na mwaka 1891 kikaanza kazi kikosi kimoja cha jiji zima. Gharama yake ikagawanywa kwa sheria baina ya serikali, halmashauri za miji na makampuni ya bima. Kila mmoja alijua fungu lake kabla moto haujawaka.

Hata mpango huo ulikuwa na ufa. Miaka ilivyokwenda, mzigo mkubwa uliangukia bima, maana yake aliyekata bima alimlipia jirani asiyekata. Baada ya moto wa tarehe 7 Februari 2009, ulioua watu 173 katika jimbo lao la Victoria, tume ya uchunguzi ilipendekeza mpango huo uachwe. Mwaka 2013 mchango ukahamishiwa kwenye ardhi na majengo, ili kila mwenye mali achangie.

Wapo watakaoniambia: wale ni matajiri, sisi ni maskini. Hoja hiyo naikataa. Tajiri mwenye duka la ghorofa ana bima. Likiungua ataandika barua na kulipwa. Shangazi yangu bima yake ilikuwa lile bomba ambalo halikuwapo. Tena msiniambie hakuchangia. Kwa miaka 22 alilipa ushuru wa soko kila siku ya Mungu, na stakabadhi alizitunza katika kopo la maziwa, ambalo nalo liliungua. Mwenye kulipa hivyo ana haki ya kuuliza: katika kila shilingi yangu, senti ngapi zilikwenda kwenye maji ya kuzima moto?

Basi nasema hivi. Sehemu ya ushuru wa soko itengwe kwa sheria, iwekwe katika mfuko wake, isiguswe kwa safari wala sherehe. Soko lisifunguliwe kabla bomba la zimamoto halijafika mlangoni. Na awepo mtu mmoja, jina lake likibandikwa ukutani, wa kulifungua bomba hilo kila mwezi na kuandika kama limetoa maji. Mamlaka ya maji na zimamoto zisitupiane mpira huku watu wanaungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi kuta tumejenga mara nyingi mno.

Shangazi amerudi kwenye biashara, ametandika kanga zake chini kando ya barabara. Mkusanya ushuru amekwisha kumfikia. Bomba bado.