Pastpepa Hazijengi Kiingereza

Miezi michache kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, maduka ya steshenari mijini hujaa vijitabu vya maswali ya mitihani iliyopita. Wazazi hununua, walimu wa tuisheni hurudufu, wanafunzi hukesha navyo. Kwa somo la Kiingereza, ushauri ni uleule shule hadi shule: fanya pastpepa nyingi, kariri kanuni za sarufi, beba orodha ya msamiati, utatoboa. Wanaoutoa wana nia njema na uchungu wa kweli na watoto wao. Hata hivyo ushauri huu una kasoro kubwa, na anayeumia zaidi ni mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya serikali iliyomfundisha kwa Kiswahili.

Pastpepa zina faida yake, na ni haki kuitaja. Humzoesha mtahiniwa sura ya karatasi ya Baraza la Mitihani, humfundisha kugawa muda na kusoma maelekezo kwa makini. Mtoto ambaye hajawahi kuishika anaweza kupoteza alama kwa kutoelewa alichoagizwa tu. Lakini kazi hiyo inahitaji wiki chache za mwisho. Kasoro ni kuifanya ndiyo somo zima, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, tukiamini kwamba kupimwa mara nyingi ndiko kujifunza.

Tazama zoezi ambalo kila mwanafunzi wa sekondari Tanzania analijua: kuandika upya sentensi kwa kuanza na "No sooner". Anapewa "As soon as the bell rang, the students left the room." Aliyelifanya zoezi hili mara kwa mara hasiti. Anatanguliza "had", anageuza kitenzi, anachomeka "than", na alama ni yake: "No sooner had the bell rung than the students left the room." Sasa mwombe huyohuyo akusimulie kwa Kiingereza, kwa sentensi tano, mambo yaliyotokea shuleni asubuhi ya leo. Wengi hukwama sentensi ya pili. Amejua kuhamisha maneno kutoka hapa kwenda pale, lakini hajui ni lini msimulizi hulihitaji umbo hilo, kwa kuwa hajawahi kulikuta ndani ya kisa, pale tukio moja linapofuatana na jingine kwa haraka.

Ufahamu nao umegeuzwa kuwa mchezo wa kuwinda maneno. Mbinu inayosambazwa tuisheni ni hii: anza na maswali, chukua neno kuu la swali, litafute kwenye habari, kisha nakili sentensi iliyo nalo. Swali likiuliza nani, wapi au lini, mbinu inafua dafu. Likiuliza kwa nini mzee alikataa fedha alizopewa, na sababu yenyewe haikutajwa bali imetawanyika katika aya tatu, mbinu inagonga mwamba. Kwenye ufupisho hali ni mbaya zaidi, maana hakuna awezaye kufupisha asichokielewa. Ndiyo sababu wanafunzi wengi hunakili sentensi ya kwanza ya kila aya na kuiita kazi yao.

Jambo linalosikitisha kuliko yote ni sehemu ya fasihi. Riwaya ya *Unanswered Cries* ya Osman Conteh, mwandishi wa Sierra Leone, imesomeshwa kwa miaka mingi katika sekondari zetu. Inamhusu Olabisi, msichana wa miaka 14 anayekataa kukeketwa, huku mama yake mzazi akiwa upande wa mila na mama wa kambo, mwanasheria, akimtetea. Ni kitabu chembamba, lugha yake nyepesi, na mhusika mkuu ana umri wa wasomaji wenyewe. Lakini wanafunzi wengi huingia kwenye chumba cha mtihani hawajafungua hata ukurasa wake mmoja. Wamekariri kitini: wahusika na sifa zao, dhamira sita, mafunzo manne. Wanaandika kwamba Olabisi ni jasiri kwa sababu kitini kimesema hivyo. Mwanafunzi ananyang'anywa kitu kilekile ambacho kingempa Kiingereza, kisha tunamshangaa kwa nini insha yake haina uhai.

Wapo watakaosema kwamba kusoma hadithi ni starehe, na mtihani hautaki starehe. Kwa hilo upo ushahidi wa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai waliendesha jaribio katika shule za vijijini nchini Fiji, kwa watoto wa darasa la nne na la tano ambao hawakuzungumza Kiingereza nyumbani. Baadhi ya madarasa yalipewa vitabu vya hadithi 250 kila moja. Mengine yaliendelea na utaratibu wa kawaida wa kurudiarudia miundo ya sentensi. Baada ya miezi minane, watoto waliopewa vitabu walikuwa wamesonga mbele katika kusoma kwa kasi takriban mara mbili ya ile ya kawaida. Mwaka wa pili mafanikio yao yalienea hadi kwenye uandishi na sarufi. Wazingatie jambo hili wale wanaosema sarufi haiji bila kukaririshwa: watoto waliosoma hadithi waliwashinda kwa sarufi wenzao waliokuwa wakifanyishwa mazoezi ya miundo.

Hapa nyumbani pia somo hili si geni. Mwaka 1984, Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kufuatilia masomo yanayofundishwa kwa lugha hiyo. Mradi uliofuata, kwa msaada wa Uingereza, ulipeleka vitabu vya hadithi katika shule za sekondari ili wanafunzi wasome kwa wingi. Walioupanga walielewa kwamba mtoto aliyepungukiwa na lugha huipata kwa kuisoma, tena nyingi, tena iliyo kwenye kiwango chake.

Hilo la kiwango lina uzito wake. Mwaka 2000, Marcella Hu na Paul Nation, mtafiti mashuhuri wa msamiati kutoka New Zealand, walionyesha kwamba msomaji wa hadithi anahitaji kujua maneno kama 98 katika kila 100 ndipo aelewe vizuri bila msaada. Kwa hiyo kumpa mtoto wa Kidato cha Kwanza habari ambayo kila mstari una neno geni, pamoja na kamusi, ni kumkatisha tamaa. Aanze na vitabu vyepesi, hata kama ni vya watoto wadogo kuliko yeye. Humo atakutana na maneno yaleyale mara 10, mara 20, kila mara katika sentensi nyingine, mpaka yawe yake. Orodha ya msamiati humwonyesha neno mara moja, likiwa peke yake, na wiki ya pili limekwishamtoka.

Hoja ya pili ninayoisikia ni kwamba vitabu hakuna. Ni kweli shule nyingi hazina maktaba, na serikali inadaiwa hapo. Lakini fedha zipo za kurudufu maswali kila wiki na za kulipia tuisheni. Darasa la wanafunzi 40, kila mzazi akichangia kitabu kimoja chembamba cha hadithi, lina vitabu 40 vya kubadilishana, na vitabaki kwa darasa linalofuata. Sanduku la mbao lenye kufuli linatosha kuwa maktaba.

Hoja ya tatu ni muda. Tupige hesabu. Kurasa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 30 za mwaka wa masomo, ni kurasa 750. Hivyo ni vitabu 15 vya kurasa 50. Haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi atakayefika Kidato cha Nne akiwa amesoma vitabu 15 kila mwaka hatahitaji kuambiwa sentensi ipi ni sahihi. Ataisikia, kama anavyosikia kosa katika Kiswahili chake bila kukumbuka kanuni.

Tena faida haiishii kwenye somo moja. Biolojia, Historia, Jiografia na Fizikia vyote anavisoma na kuvijibu kwa Kiingereza. Ujuzi wa kuanza sentensi kwa "No sooner" haumsaidii kuelewa swali la mmomonyoko wa udongo. Uwezo wa kusoma aya ndefu na kuifuata hadi mwisho humsaidia katika kila karatasi atakayoifanya.

Nawaomba walimu wa Kiingereza watenge dakika 20 za kipindi kimoja kila wiki, wanafunzi wasome kimya vitabu walivyochagua, na mwalimu naye asome mbele yao. Nawaomba wazazi, kabla ya kununua kijitabu cha tano cha maswali, wanunue hadithi moja. Nawe mwanafunzi, kama kitabu cha fasihi kimo kwenye orodha yako, kifungue ukurasa wa kwanza leo na weka kitini kando mpaka umalize. Pastpepa utazikuta Septemba, nazo zitakuwa rahisi.