Nani hasa ni ofisa wa chama?

Sheria ya Vyama Vilivyosajiliwa ya Nyuzilandi ya mwaka 2022 haitazami cheo peke yake. Maofisa ni wajumbe wote wa kamati, pamoja na yeyote mwenye nafasi ndani ya chama inayompa ushawishi mkubwa katika uendeshaji wake. Hapo ndipo penye utata. Mtendaji mkuu anayeajiri, anayetia saini mikataba na kuamua fedha ziende wapi ni ofisa, hata asipokuwa na kiti kwenye kamati. Mlezi anayealikwa kukata utepe tu hamo. Wala kocha wa watoto, isipokuwa kama ndiye anayeendesha klabu kwa mlango wa nyuma, na watu wa aina hiyo tunawajua.

Uofisa si pambo. Mhusika lazima akubali kwa maandishi na athibitishe kuwa hana kizuizi cha kisheria, kisha abebe wajibu wa kutokitwisha chama deni ambalo hakiwezi kulilipa. Kwa hiyo kamati zisijaze orodha kwa kupeana heshima, wala zisimfiche mwenye kauli ya mwisho ili akwepe dhamana. Anayeamua aandikwe.